Nyumba Yako Dodoma Haiuziki? Tafuta Mahali Ilipokwama

Ukimuuliza mwenye nyumba kwa nini nyumba yake haijauzwa, jibu la kwanza ni soko gumu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini nyumba nyingi za hapa Dodoma, kuanzia Kisasa mpaka Mkonze, hazikosi wateja. Mteja anapatikana, anaipenda, anataja fedha, halafu anaishia njiani kati ya geti lako na ofisi ya Msajili wa Hati. Mji umekuwa ukipokea watu tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, na mwenye fedha mkononi akikutana na mkwamo kwako hasubiri. Mtaa wa pili kuna nyumba nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kushusha bei au kumfukuza dalali, jua kwanza mambo yanasimamia wapi. Simu haziji kabisa? Watu wanakuja kuona lakini hawarudi? Au mmeshakubaliana bei, kisha kimya? Dawa ya tatizo moja haitibu jingine. Nitaanza na mepesi, kisha tuingie kwenye makaratasi, maana huko ndiko miezi ya watu inakopotelea.

## Simu haziji

Angalia tangazo lako kwa macho ya mtu asiyekujua. "Nyumba inauzwa Ilazo, ina hati, bei maelewano" haimwambii mtu chochote cha kumfanya apige. Mnunuzi wa Dodoma anataka kujua ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba, vyumba vingapi na masta ngapi, umbali wa kufika kwenye lami, na aina ya umiliki: hati, barua ya toleo (karatasi ya kugawiwa kiwanja kabla hati haijatoka), au mkataba wa mauziano tu. Halafu anataka kujua habari ya maji. Hapa mjini maji ya DUWASA ni ya mgawo sehemu nyingi, na mtu aliyeishi Nkuhungu au Nzuguni atakuuliza maji yanatoka siku gani na tanki ni la lita ngapi kabla hajauliza jikoni kuna vigae vya aina gani. Kama una tanki kubwa juu ya mnara na jingine chini ya ardhi, liweke kwenye sentensi ya pili ya tangazo na upige picha.

Chanzo cha pili ni "cha juu", yaani nyongeza ambayo dalali huongeza juu ya bei yako. Wewe umemwambia dalali milioni 85. Yeye akampa mwenzake kwa 90, mwenzake akaiweka kwenye grupu la WhatsApp kwa 97. Mteja anaiona nyumba moja, picha zile zile, bei tatu. Anahitimisha kwamba kuna utapeli, na huwezi kumlaumu. Jifanye mnunuzi siku moja, ulizia nyumba yako mwenyewe kwenye magrupu, usikie inatajwa kwa shilingi ngapi. Ukikuta bei zinatofautiana, kaa na dalali mmoja au wawili unaowaamini, andikianeni kamisheni yake ni asilimia fulani ya bei ya mauzo au kiasi maalumu, na kwamba hakuna cha juu. Dalali mwenye uhakika wa malipo yake hana sababu ya kupandisha. Asiyekubali kuandika, mwache aende.

## Wanakuja, wanasifia, hawarudi

Mtu akisifia sana nyumba kisha akapotea, mara nyingi ni bei. Wenye nyumba hupanga bei kwa kujumlisha walichotumia: kiwanja, tofali, bati la msauzi, geti, miaka ya kuhangaika na mafundi. Maumivu hayo ni ya kweli, ila mnunuzi hayalipii. Yeye analinganisha na nyumba aliyoiona Jumamosi iliyopita Iyumbu. Tafuta mthamini aliyesajiliwa akupe thamani ya soko mapema. Wengi hukwepa gharama hiyo wakati tathmini italazimika kufanyika baadaye kwenye uhamisho. Ukiifanya mwanzoni inakusaidia kupanga bei, ingawa ikikaa muda mrefu huenda ukatakiwa kuihuisha.

Jambo la pili ni nyufa. Kuna maeneo hapa yenye udongo wa mbuga, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na watu wa Dodoma wanajua pia kwamba ardhi yetu hutikisika mara moja moja. Kwa hiyo mnunuzi akiingia ndani, anakwenda moja kwa moja kwenye kona za madirisha. Ufa mwembamba wa lipu, unaofanana na uzi, haumtishi mtu. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha ukashuka kwa mshazari hadi kwenye msingi, ukionekana ndani na nje, huo unamfanya ahesabu gharama kichwani akiwa anakusikiliza kwa heshima. Kosa kubwa ni kupaka rangi ukuta mmoja tu siku tatu kabla ya wageni. Harufu ya rangi mbichi kwenye ukuta mmoja inauliza swali lenyewe. Mlete fundi anayejua misingi, akuandikie tatizo ni nini na litatengenezwa kwa kiasi gani, kisha ama tengeneza au punguza bei kwa kiasi hicho na umwoneshe mteja karatasi. Mteja akiona umemwambia ubaya kabla hajauliza, anaamini na mengine unayomwambia.

Masika yetu ni moja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Kama barabara yako ya mtaa inageuka tope au korongo linakula ukingo, usitegemee kuuza vizuri Februari bila kumwaga moramu na kuzibua mtaro. Kinyume chake, kama nyumba yako iko mahali pakavu wakati mitaa ya jirani imejaa maji, huo ndio msimu wako. Waalike watu siku mvua imenyesha.

Wapangaji nao hufukuza wateja bila kukusudia. Mnunuzi anayetaka kuhamia akikuta mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba nyumba inauzwa, atasikia pale pale sebuleni: "Mimi sitoki hapa mpaka Novemba." Ongea na mpangaji kabla ya kutangaza. Mrudishie kodi iliyobaki na nyongeza ya kuhamia, au andika kwamba mnunuzi atapokea nyumba pamoja na mpangaji na sehemu ya kodi iliyosalia. Mtu anayenunua ili apangishe, hasa anayewaza wageni wa Bunge la bajeti la Aprili hadi Juni, anaweza hata kufurahi.

## Mmekubaliana bei, kisha kimya

Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kimya cha baada ya makubaliano mara nyingi maana yake ni kwamba mnunuzi, au benki yake, amefanya upekuzi (ukaguzi wa kumbukumbu za umiliki) kwa Msajili wa Hati au amepita ofisi ya ardhi ya Jiji, akakuta kitu ambacho hukumwambia. Pengine hata wewe hukijui. Dawa ni kufanya upekuzi huo wewe mwenyewe kabla ya kutangaza nyumba, ulipe ada, upate majibu kwa maandishi.

Unachoweza kukuta ni haya.

Umiliki wa enzi za CDA. Kwa miaka mingi ardhi ya mji huu ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973, nayo ilikuwa ikitoa hati za miaka 33, tofauti na miaka 99 waliyozoea watu wa miji mingine. Mamlaka ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikaenda Manispaa, ambayo Aprili 2018 ikawa Jiji, na agizo likatolewa kwamba hati ziwe za miaka 99. Lakini kabati za watu bado zina karatasi za zamani. Mnunuzi akishika hati ya mwaka 1992 anafanya hesabu: 33 zimeisha 2025. Anauliza ananunua nini. Usimpe maelezo ya mdomo. Nenda ofisi ya ardhi uanzishe ubadilishaji, lipa kinachodaiwa, na umkabidhi mnunuzi hati mpya au uthibitisho kwamba maombi yamepokelewa na yamefikia hatua gani. Mwenye barua ya toleo pekee naye asikae nayo akiamini inatosha. Mnunuzi wa fedha taslimu anaweza kukubali, ila anayetegemea mkopo wa benki hawezi, kwa sababu benki inaweka rehani kwenye hati. Bila hati umewaondoa sokoni watumishi wengi wa umma wanaonunua kwa mkopo.

Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Hii haichanganywi na kodi ya majengo. Pango la ardhi ni la kiwanja, unalipa kwa namba ya malipo kila mwaka, na ukilimbikiza linakuja na adhabu. Uhamisho hausogei likiwa linadaiwa. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba iliyokaa tupu miezi mingi bila mtu kununua umeme inajikusanyia deni. Mnunuzi akija kujaribu taa, unanunua umeme wa 10,000, unapata yuniti chache kuliko ulivyotarajia kwa sababu kodi ya miezi yote imekatwa hapo. Nunua umeme kidogo kila mwezi hata kama hakuna anayeishi ndani, na hifadhi ujumbe wa risiti.

Rehani au zuio. Kama hati iko benki, mwambie mnunuzi siku ya kwanza. Si aibu, na ni jambo linalomalizika: benki inaandika barua ya salio la deni, mnunuzi analipa sehemu hiyo moja kwa moja benki, benki inaachia hati na kuondoa rehani kwa Msajili, kinachobaki kinaingia kwako. Vibaya ni pale anapogundua mwenyewe. Zuio, yaani pingamizi lililoandikishwa kwa Msajili ili nyumba isiuzwe, ni zito zaidi. Ndugu, mshirika wa biashara au mtu aliyewahi kukulipa nusu anaweza kuwa ameliweka bila wewe kujua, na halitoki kwa maneno. Ama mnamalizana naye naye aliondoe, au linakwenda kwenye chombo cha sheria.

Majina yasiyolingana. Hati imeandika Yohana, kitambulisho cha NIDA kimeandika John. Au hati ina jina la ubatizo na la baba, NIDA imeongeza na la ukoo. Kwetu Ugogoni hili ni la kawaida mno, kwani mtu ana jina la nyumbani, la kanisani na la shuleni. Wakili anakuandalia kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na ikibidi hati ya kuthibitisha jina inasajiliwa. Ni kazi ndogo ukiifanya mapema. Ukiifanya mnunuzi akiwa amekaa kwenye kiti mbele ya wakili, anaanza kuwaza hati feki, na amesikia habari nyingi za viwanja vya Dodoma vilivyouzwa mara mbili.

Mipaka. Hili nalisisitiza kwa sababu linasahaulika. Chukua jembe na nakala ya ramani iliyoambatanishwa kwenye hati, nenda kwenye kila kona ya kiwanja. Bikoni ni kipande cha zege chenye chuma katikati na namba juu yake, na namba hiyo iko kwenye ramani. Mara nyingi imefukiwa na kifusi cha ujenzi au mchanga uliosombwa na mvua, wala haiko mbali, shibiri moja au mbili chini. Fukua, safisha kwa brashi mpaka namba isomeke, piga picha. Ukikosa hata moja, muite mpima ardhi aliyesajiliwa afufue mipaka. Ukikuta ukuta wako umeingia kwa jirani au wa jirani umeingia kwako, nenda ukaongee naye jioni mkiwa wawili, si siku mnunuzi yupo. "Shikamoo mzee. Nimekuja tuangalie pamoja hii kona, maana nataka kuuza na sitaki mgeni aje akusumbue." Jirani aliyeendewa hivyo mara nyingi husaini makubaliano. Jirani aliyeshtukizwa na gari la mnunuzi anapaza sauti mtaani, na biashara inafia hapo.

Kwa nyumba zilizo nje ya Jiji, upande wa Chamwino au Bahi, hakikisha kwanza kama ni ardhi ya kijiji. Huko utaratibu unapita halmashauri ya kijiji, na karatasi ya mjini haikusaidii.

## Wakili amegoma kugonga muhuri

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye hati ni lake peke yake. Wakili makini anamuita mwenza ofisini na kumuuliza ana kwa ana. "Mama, wewe umekubali nyumba iuzwe?" "Mwanangu, ndiyo kwanza nasikia leo." Siku hiyo hakuna kitakachosainiwa, na hakipaswi kusainiwa. Nyumba ni maisha ya watu wawili na watoto wao. Mnunuzi mwenyewe akiwa na busara atakushukuru kwa kutomwingiza kwenye kesi. Zungumza nyumbani kwanza, mkubaliane fedha zinakwenda wapi, mwende kwa wakili pamoja mkiwa na cheti cha ndoa. Asiye na mwenza anaapa kiapo cha hali yake ya ndoa. Waliotengana bila talaka bado ni wanandoa, na walioachana lakini mali haijagawanywa wamalize hilo mahakamani kwanza.

Mkwamo wa pili kwa wakili ni mirathi, na katika yote huu ndio unaokula muda mrefu zaidi. Baba alifariki, hati ina jina lake, watoto wamekubaliana kuuza, kaka mkubwa anatafuta mteja. Mteja anapatikana, anatoa kishika uchumba (malipo ya awali), kisha wakili anauliza: msimamizi wa mirathi ni nani? Hakuna. Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, na muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Kikao kinapendekeza jina, mahakama ndiyo inayoteua. Unahitaji cheti cha kifo cha RITA, muhtasari wa kikao, kisha unafungua shauri, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Mahakama inatoa tangazo, inasubiri kama kuna pingamizi, kisha inatoa barua ya usimamizi, ile watu wanayoiita Fomu namba IV. Msimamizi anapeleka barua hiyo ofisi ya ardhi, jina lake linaingizwa kwenye hati kwa nafasi ya usimamizi, ndipo anapoweza kusaini mauzo.

Hakuna njia ya mkato hapa, na anayekuahidi njia ya mkato anakuandalia kesi. Kama familia inafikiria kuuza mwaka ujao, shauri lifunguliwe sasa. Na warithi wote wasaini kuridhia, pamoja na yule dada aliyeolewa Singida ambaye watu husema "yeye hana neno." Ana haki sawa ya kuulizwa, na pingamizi nyingi za mirathi zinaletwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Kama wewe mwenyewe uko mbali, kazini Mwanza au nje ya nchi, na umemtuma ndugu, barua ya mkono haifai. Andaa hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, ikisema wazi kwamba anaruhusiwa kuuza nyumba hiyo na kupokea au kutopokea fedha, kisha isajiliwe.

## Serikali ya mtaa inataka asilimia kumi

Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wana umuhimu wao: wanakufahamu, wanajua kama kiwanja kina mgogoro, wanaweza kumthibitishia mnunuzi kwamba wewe ndiwe mwenye nyumba. Waheshimu na uwajulishe. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka mkataba wa mauziano uwe wa maandishi, nao unaandaliwa na kushuhudiwa na wakili. Hakuna sheria inayoipa ofisi ya mtaa asilimia kumi ya bei ya nyumba yako. Ukidaiwa, omba stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo. Mazungumzo hubadilika hapo hapo.

## Kila kitu kimesainiwa, uhamisho hausogei

Mara nyingi ni TRA au tathmini. Msajili hasajili uhamisho bila uthibitisho kwamba kodi ya ongezeko la mtaji imelipwa au haidaiwi. Kwa mkazi wa Tanzania kodi hiyo ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Asiye na kumbukumbu za gharama, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, anatozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kubwa kati ya hizo. Na kuna nafuu ambayo watu hawaijui: ikiwa ni makazi yako binafsi, umeyamiliki mfululizo miaka 3 au zaidi, umeishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida haizidi shilingi milioni 15, hutozwi.

Tuiweke kwenye hesabu. Unauza kwa milioni 90. Huna risiti hata moja: asilimia 3 ni milioni 2.7. Una risiti za milioni 70: faida ni milioni 20, kodi ni milioni 2. Una risiti na mikataba ya mafundi ya milioni 78, na umeishi humo miaka mitano: faida ni milioni 12, kodi hakuna. Kwa hiyo yale makaratasi ya saruji, nondo na mabati yaliyo kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati ni fedha. Yapange kwa tarehe, yapige picha kabla wino haujafutika, na mafundi ambao hawakukupa risiti wafuate wakuandikie mikataba na malipo waliyopokea kweli. Usitunge, ofisa akiona risiti moja ya uongo atazitilia shaka zote.

Ucheleweshaji mwingine unatokana na kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Nyumba ya milioni 90 inaandikwa 40. Tathmini inakwenda kuidhinishwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, inarudi na thamani ya soko, kodi inakokotolewa kwa thamani hiyo, na sasa mna mkataba unaopingana na benki, na TRA, na ukweli. Mkija kugombana, utadai milioni 50 zilizobaki kwa karatasi gani? Andikeni bei mliyolipana. Ushuru wa stempu, takribani asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida ni wa mnunuzi, lakini kwa kuwa kila mmoja hudhani ni wa mwenzake, mkataba useme wazi nani analipa nini: tathmini, ada za uhamisho, wakili, dalali.

Kabla ya kwenda, hakikisha una TIN, namba ya NIDA, picha, fomu za uhamisho zilizosainiwa na pande zote, na nakala za kutosha. Fomu moja yenye saini isiyofanana na ya kitambulisho inarudisha faili zima nyuma.

## Mnunuzi amelipa nusu, nusu nyingine haiji

Kishika uchumba bila maandishi ni chanzo cha ugomvi. Mtu anaacha milioni 3, anasema anasubiri mkopo au kiinua mgongo, wewe unafunga milango kwa wateja wengine, miezi inapita. Andikeni kiasi, tarehe ya mwisho, na itakuwaje akishindwa: kinarudi chote, kinarudi kikiwa kimekatwa, au hakirudi. Anayesubiri mkopo akuoneshe barua ya benki inayosema amefikia hatua gani. Mkopo wa nyumba unachukua wiki kadhaa, kwa hiyo mpe muda wa haki, lakini uwe na mwisho. Mnunuzi kutoka Dar anayepanda treni ya SGR asubuhi na kutaka kurudi jioni, mwandalie nakala za hati, majibu ya upekuzi, risiti za pango na picha za bikoni kwenye bahasha moja, akae nazo njiani asome. Wengi huamua wakiwa ndani ya treni.

Fedha zipite benki, si kwenye begi. Hati halisi isikabidhiwe kwa mnunuzi kabla ya malipo kukamilika. Ikae kwa wakili mnayemwamini wote wawili, mkataba ukieleza ataitoa lini na kwa sharti gani. Mnunuzi mwaminifu hataona hilo kama matusi, maana linamlinda na yeye: ukifa kesho, warithi wako wataukuta mkataba kwa wakili.

Funguo zikishatolewa, bado kuna deni linaloweza kukufuata, la maji na la huduma nyingine zilizo kwa jina lako. Siku ya kukabidhi, simameni pamoja na mnunuzi kwenye mita ya DUWASA, pigeni picha ya usomaji na msaini tarehe. Uhamisho ukisajiliwa, omba nakala, uipeleke DUWASA na TANESCO pamoja na picha hiyo ili akaunti zibadilishwe jina, na mpe mnunuzi namba ya mita ya LUKU na risiti za miezi ya mwisho.